Ala ya Nne

Naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu, hayajatiwa chumvi hata kidogo. Mke wangu akikwambia vinginevyo, ujue yeye alikuwa nyuma ya ukuta na hakuona kitu. Mimi nilikuwa mbele ya ukuta, nimeona yote, na mengine nimeyasikia kabla hayajatokea.

Kusikia ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Miaka thelathini na moja nimekuwa msikilizaji wa mabomba katika idara ya maji. Wengi hawajui kama kuna kazi ya namna hiyo. Bomba likitoboka chini ya barabara, maji hayaibuki papo hapo. Yanajitafutia njia kimyakimya, na siku ya kumi unayakuta sebuleni kwa mtu. Basi mimi nilipita asubuhi na mapema kabla magari hayajaanza kelele, mkononi nina fimbo ya chuma inayonifika kiunoni, kichwani ina kirungu cha mti mgumu. Unasimamisha ncha juu ya koki ya barabarani, unaweka sikio kwenye kirungu, unafumba macho. Bomba zima linapumua tu. Bomba lililotoboka linapiga mluzi. Nikisema "chimbeni hapa", walichimba hapo na maji waliyakuta hapo. Wakanipa jina la Sikio, na jina hilo nimestaafu nalo.

Sisemi kwa kujisifu, lakini siku moja nilisikia tundu dogo kiasi kwamba tone lilikuwa linaomba radhi kabla ya kutoka. Siku nyingine niliweka fimbo kwenye koki, nikamsikia mwanamke wa ghorofa ya tatu anabadili mawazo. Wenzangu walinicheka. Jioni yake harusi ikaahirishwa. Mimi simo.

Sasa nije kwa kaka yangu, maana bila yeye hata haya nisingeyaandika. Kaka alikuwa fundi viatu. Shule ilinishinda mapema, au mimi niliishinda, inategemea unamuuliza nani, na aliyenifundisha kusoma ni yeye, kibandani kwake, kwa vipande vya magazeti alivyofungia viatu vya wateja. Nilijifunza herufi kwa matangazo ya vifo na bei za sabuni. Hadi leo nikisoma habari inayofika mwisho nashangaa, maana zangu zote zilikatikia penye kisigino. Kila neno ninaloandika wa kushukuriwa ni yeye, pamoja na yale ya uongo. Yaani kama yangekuwepo.

Kodiani yake, kile kinanda cha kifuani, nayo ilimjia kwa njia yake. Mteja aliileta imepasuka mivukuto, ile sehemu ya ngozi inayokunjuka na kukunjika. Kaka akamwambia, "Bwana, mimi nashona viatu." Mteja akasema, "Ngozi ni ngozi," akaondoka, asirudi tena. Kaka aliishona, akamngojea mwenyewe miaka miwili, kisha akaanza kuijaribu polepole, kwa adabu, kama mtu anayevaa koti la mgeni. Akawa mpigaji.

Mwaka juzi mke wake alifariki. Kaka akafunga kibanda, akafunga na mdomo. Alihamia kwetu, akawa anakaa kitandani ameutazama ukuta. Ukimsalimia anasema "mm". Ukimpa chai anasema "mm". Na hizo "mm" zote zilikuwa na sauti moja, na mimi sauti nazijua: ni sauti ya bomba lililofungwa huko mbele.

Kilichomtoa chumbani ni bendi. Tuliiita Bendi ya Wastaafu, ingawa kinyozi hajastaafu, ila wateja ndio waliomstaafisha kwa kuota vipara. Kinyozi alipiga gitaa, mwoka mikate alipiga ngoma, askari mmoja mstaafu alipuliza tarumbeta, na kaka akaja na kodiani yake. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga viti na kukosoa. Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, alitupikia chai katika jiko dogo la ukumbi.

Jumamosi ya kwanza tulipokuwa tukirudi nyumbani, kaka alisema maneno manne njia nzima. Nilihesabu. Jumamosi ya pili, saba. Baada ya miezi sita alikuwa anafika thelathini na tano, na siku moja akamtania mke wangu kwamba miwani yake ni minene kiasi cha kuona kesho. Mke wangu alicheka, halafu akaenda kulia bafuni. Mimi nikabaki sebuleni nikamshukuru Mungu kwa ngoma, kwa gitaa, na hata kwa tarumbeta la yule askari, ambalo kwa kweli lilikuwa linatesa watu.

Kisha askari akahamia kwa binti yake, na tarumbeta likaenda naye.

Jumamosi iliyofuata tukakuta tangazo mlangoni: *Chumba cha muziki kitatolewa kwa kikundi chenye ala zisizopungua nne.* Aliyelibandika alikuwa amesimama hapohapo. Tulimwita Mama Funguo, msimamizi wa ukumbi, mwanamke anayetembea na funguo zipatazo hamsini kiunoni. Huhitaji sikio langu kujua kwamba anakuja.

"Wazee wangu," akasema, "msinichukie. Kanuni sikuitunga mimi. Na watu wa tenisi ya meza wameniletea barua ya tatu."

"Lakini sisi tuko wanne," nikasema.

"Naona watatu wenye ala na mmoja mwenye maneno."

Kinyozi akacheka. Mwoka mikate akacheka. Kaka hakucheka, alikuwa anautazama ukuta. Nilipoona vile, ulimi wangu ukaondoka bila mimi.

"Ala ninayo," nikasema. "Ni vile tu sipendi kujionyesha."

"Ala gani, Mzee Sikio?"

"Fimbo."

"Ile ya mabomba?"

"Wewe unaiona ya mabomba! Mama, ile inaitwa ndumi. Walioitengeneza walikuwa saba, wamebaki wawili, na mmoja haelewani na mwenzake. Ilipigwa kwenye jumba la mfalme mmoja, watu wakalia hadi bustani ikaota mboga bila kumwagiliwa. Nimeificha miaka yote hiyo kwa sababu serikali ingeitaka."

Mama Funguo alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo chini ya mkataba. "Mimi si mwanamuziki," akasema. "Sijui ala ni nini na fimbo ni nini. Lakini nimekaa na wanamuziki miaka kumi na tano, nimeona jambo moja. Kelele hutoka tu. Muziki ukiuambia urudi, unarudi. Jumamosi ijayo saa nne nitakuja na daftari. Utapiga, halafu nitasema 'tena', na utapiga vilevile. Ikiwa vilevile, naandika ala. Ikiwa sivyo, meza za tenisi zinaingia mchana huohuo."

Tulirudi nyumbani. Kaka alibeba kodiani kifuani, hakusema kitu mpaka getini. Hapo akasimama.

"Sikio. Usihangaike. Nilijua itaisha."

Nilihesabu. Manne. Miezi sita yote ilikuwa imemwagika njiani.

Wiki ile hakuna kitu nyumbani kwetu kilichosalia bila kupigwa. Fimbo nilianza nayo: ukiigonga inasema "ting", ukiigonga tena inasema "ting", basi habari imeisha. Nikapiga sufuria. Nikapiga mgongo wa sufuria. Nikachukua mpira wa kumwagilia bustani, nikauchomeka faneli mwishoni, nikapuliza. Ukatoa mlio mkubwa hata jirani akatoka kufungua geti akidhani lori lake limefika. Nikafurahi. Nikapuliza tena, zikatoka pumzi tupu na mate. Mama Funguo alikuwa amenifunga vizuri sana kwa lile neno lake "vilevile".

Nikaenda kuuliza wenye ujuzi. Kinyozi alikuwa ananyoa kipara kwa ajili ya heshima tu.

"Ala ni nini?"

"Ala ni kitu ambacho ukikileta nyumbani mkeo anakuuliza utakiweka wapi."

"Nauliza kwa dhati, bwana wee."

"Na mimi nimejibu kwa dhati. Hujamwona mke wangu."

Mwoka mikate alinipa jibu lililonisumbua zaidi. Alitoa mkate tanuruni, akaugeuza, akaugonga chini kwa vidole viwili. Ukatoa sauti ya kitu kitupu ndani. "Huu umeiva," akasema. Akagonga mwingine, sauti nzito. "Huu bado. Nagonga mikate mia mbili kila siku, Sikio, na hakuna aliyewahi kuniita mwanamuziki. Jumamosi nagonga ngozi moja, wananipigia makofi. Hebu nieleze."

"Pengine ni kwa sababu mkate unaugonga ili ukuambie wewe," nikasema. "Ngoma unaigonga iwaambie wengine."

"Na fimbo yako?"

Miaka thelathini na moja fimbo ile ilikuwa inaniambia mimi peke yangu. Haikuwa imemwambia mtu mwingine neno.

Alhamisi nilikwenda ukumbini kukata tamaa pahali pasipo na watu. Chumba cha muziki kina ukuta mmoja unaopakana na jiko dogo, na kwenye ukuta huo kuna bomba la chuma lililopita nje ya lipu, la zamani, la kazi ya watu waliokuwa hawana haraka. Jirani na bomba kuna kabati kubwa la mbao, tupu. Mke wangu alikuwa jikoni anaosha vikombe vya Jumamosi. Mimi kwa mazoea tu nikaweka ncha ya fimbo kwenye bomba. Sikio sikuweka. Nilikuwa nimechoka, nikaegemeza kirungu kwenye ubavu wa kabati.

Kabati likaimba.

Usicheke. Sauti ndefu, nzito, kama ng'ombe aliyepewa habari za msiba na kuzipokea kiungwana. Ilijaa chumba chote. Kisha ikapanda juu kidogo, kisha ikakatika. Nikakimbilia jikoni.

"Umefanya nini?"

"Nimeosha vikombe," akasema mke wangu. "Kwani ni kosa?"

"Koki! Umefungua koki?"

"Nilifungua kidogo, nikafungua zaidi, nikafunga. Hii koki raba yake imelegea, Mzee, inatetemeka ukiifungua. Ndiyo maana nakwambia kila wiki uje uitengeneze."

Ninamshukuru Mungu kwa kila wiki niliyosema nitakuja nisije. Raba iliyolegea inatikisika maji yakipita, mtikisiko unasafiri kwenye bomba, bomba linaipa fimbo, fimbo inalikabidhi kabati, na kabati ndilo kifua. Mambo hayo nimeyajua maisha yangu yote, ila niliyaita hitilafu.

Nikamweleza mpango. Yeye akae jikoni na mkono kwenye koki. Mimi nikigonga bomba mara moja kwa pete yangu, yeye atasikia upande wa pili: afungue robo. Nikigonga tena, afungue nusu, sauti ipande. Nikigonga tena, afunge.

"Unataka nidanganye," akasema.

"Sikuombi udanganye. Nakuomba ufungue koki."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakuwa nimeshika fimbo kwa uchungu."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mke wangu alikuwa mpiga chapa ofisini miaka ishirini na saba. Hakuwahi kuruka mstari, na hapendi watu wanaoruka.

"Nitakaa hapo kwa ajili ya shemeji yangu," akasema. "Si kwa ajili yako. Na ukiumbuka, mimi simo."

Tukafanya mazoezi mpaka vidole vyake vikaijua ile koki kuliko mimi ninavyowajua wanangu. Robo ile ile, nusu ile ile, bila kupitiliza hata unywele. Kaka hatukumwambia. Nilitaka ashangae, na pia, niseme ukweli, nilitaka asifu.

Jumamosi saa nne kamili funguo zikasikika kwenye korido. Mama Funguo akaingia na daftari. Mimi nilikuwa nimevaa koti la kustaafia, nimesimama kati ya bomba na kabati, fimbo imebanwa mahali pake.

"Kabla sijaanza," nikasema, "naomba utulivu. Ndumi haipigwi na mtu aliyekula maharage. Inataka mikono miwili, moyo mmoja na ukoo."

"Piga, Mzee Sikio," akasema Mama Funguo.

Nikamwashiria kaka aanze. Akaanza bila furaha, wimbo wa polepole aliokuwa akiupiga enzi za mke wake. Ulipofika mwisho wa mstari wa kwanza nikashusha mkono kwa madaha, pete ikagusa bomba.

Kabati likaimba.

Kinyozi alikosa nyuzi zake. Mwoka mikate alibaki fimbo ya ngoma iko hewani. Kaka akainua uso. Kwa mara ya kwanza wiki ile aliacha ukuta akanitazama, akatega sikio, na vidole vyake vikaanza kutafuta ile sauti kwenye kodiani, vikaikuta, vikaegemea hapo. Nikagonga tena, sauti ikapanda, naye akapanda nayo. Nikagonga, kimya, naye akaumalizia wimbo peke yake kwenye kimya kile. Jamani, mimi nimesikia mabomba ya mji mzima, lakini sijawahi kusikia kitu cha namna ile.

"Tena," akasema Mama Funguo.

Tukarudia. Ikawa vilevile, kwa sababu nyuma ya ukuta kulikuwa na mpiga chapa.

Mama Funguo akatikisa kichwa polepole. "Sikutegemea," akasema. "Nakiri."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaketi, nikapokea kikombe cha chai kwa kinyozi, mkono mmoja kikombe, mwingine kisahani, nikaendelea.

"Mnaona mikono tu," nikasema, "lakini siri iko kwenye pumzi. Kuna pumzi ya kuteremka na pumzi ya kupanda. Nilichukua miaka tisa kuipata ya kupanda. Mwalimu wangu alikufa akiitafuta."

Mama Funguo alikuwa amekwenda ukutani, amefungua daftari, anatafuta pa kuegemea aandike. Akaegemea. Lile fungu la funguo kiunoni likagusa bomba: ting.

Kabati likaimba.

Mimi nilikuwa nimeketi hatua tano kutoka kwenye fimbo. Kikombe mkono wa kulia, kisahani mkono wa kushoto.

Kabati lilikuwa linasema kwa niaba yetu sote. Nilijaribu kutoa ile pumzi ya kuteremka nikapaliwa na chai.

Mama Funguo akatazama kabati. Akatazama fimbo. Akatazama funguo zake, kisha akachagua moja, ufunguo mkubwa wa lango, akagonga bomba nao. Sauti ikapanda. Akagonga tena. Kimya.

"Mzee Sikio," akasema, "naona na mimi nina ukoo."

Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa jiko, akaufungua wote. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kibao, mikono ya gauni imekunjwa, miwani puani, vidole vitatu juu ya koki, mbele yake ndoo iliyojaa pomoni.

"Mama Pacha."

"Mama Funguo. Karibu. Chai bado ipo."

"Ni wewe muda wote?"

"Mimi nafungua na kufunga tu. Msemaji ni huyo bwana hapo."

Nikasikia nyuma yangu kitu kilichonikata maini: mkanda wa kodiani ukifungwa. Kaka alikuwa anapakia. Bila hasira, bila haraka, kama mtu anayefunga kibanda jioni. Nikatamani anitukane. Niliona atakavyorudi kwenye kile kitanda, atakavyosema "mm", na safari hii ningekuwa nimemrudisha mimi mwenyewe.

"Kaka," nikasema, "nisamehe. Nilitaka tu..."

Akaninyamazisha kwa kiganja. Alikuwa anautazama mlango wa jiko. Akalegeza mkanda tena, akasimama na kodiani kifuani, akaenda hadi kwa Mama Funguo.

"Mama," akasema, "mdogo wangu ni mwongo. Nimemlea, namjua. Hakuna mfalme, hakuna ndumi, na pumzi yake haitoshi kuzima kibiriti. Lakini ile sauti haikuwa uongo. Nimepiga nayo. Nilipoegemea, iliniegemeza. Tazama hii." Akafungua mivukuto. "Watu husema mimi naimbisha kodiani. Siimbishi kitu. Upepo upo humu ndani, mimi nafungua tundu, nafunga tundu. Nikifungua vizuri unasikia wimbo, nikifungua vibaya unasikia upepo. Shemeji yangu yuko pale na koki. Maji yamo ndani, anafungua tundu, anafunga tundu, na ulipomwambia 'tena', alikupa vilevile. Sasa niambie tofauti yangu na yake, ukiacha kwamba mimi natumia upepo na yeye maji. Ukiikuta tofauti, nitafunga kodiani hii niende zangu."

Nilikuwa nikihesabu. Nilifika sabini nikapotea. Mke wangu aliacha koki, akafunika mdomo kwa mkono wenye maji. Mwoka mikate akawa anakagua ngoma yake kwa karibu sana, kama mtu anayetafuta ufa.

Mama Funguo alirudi kwenye bomba. Kisha akagonga bomba kwa ule ufunguo. Mke wangu akaruka, akafungua robo. Kabati likaimba. Akagonga, nusu. Akagonga; kimya. Akarudia yote tangu mwanzo, macho yamefumbwa, na nilimwona kabisa mdomo ukianza kutabasamu pembeni. Nadhani alirudia zaidi ya ilivyohitajika kwa uchunguzi.

Akafungua daftari, akaandika huku akisema kwa sauti: "Gitaa, kinyozi. Ngoma, mwoka mikate. Kodiani, fundi viatu. Koki, bomba na kabati, Mama Pacha." Akapiga mstari. "Nne. Na hii ya nne imejengewa ukutani, kwa hiyo hata nikitaka kuihamishia kwingine siwezi. Watu wa tenisi nitawatafutia ghala."

Kaka alimshika Mama Funguo mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia haraka.

Mimi nikainuka, nikajinyoosha koti. "Basi nashukuru sana, Mama, kwa kutambua mchango wa..."

"Wewe kaa," akasema Mama Funguo. "Wewe sijakumaliza. Umedanganya mbele ya daftari langu."

"Ilikuwa kwa nia njema."

"Nia nitaiandika pembeni. Ndoo hizo nani atazimwaga? Ala hii inakula maji, na mimi maji sitaki yapotee. Kila Jumamosi, mwaka mzima, kila ndoo itakayojazwa na Mama Pacha utaibeba wewe. Utapiga deki chumba hiki, korido, ngazi na vyoo. Na koki nyingine kumi za jengo hili zinazovuja utazitengeneza zote. Hii moja ukiigusa, nitakufungia humu na funguo nitatupa."

"Mama Funguo," nikasema, "mimi ni mtu mzima. Nina mgongo."

"Deki haina umri," akasema mke wangu toka jikoni. Nilimtazama. Alikuwa ameahidi kwamba hatakuwemo.

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo, na hapa sina meno ya kuapia zaidi. Koki kumi nimezimaliza. Fimbo yangu imebaki ukutani kati ya bomba na kabati, ya watu wote. Jumamosi bendi inapiga mle ndani, mke wangu yuko kwenye kibao chake, miwani puani, anaingia panapotakiwa na kutoka panapotakiwa, na mimi niko chini kwenye sakafu ya korido na kitambaa, magoti yanalia kila moja kwa sauti yake. Wiki iliyopita kaka alimchekesha kinyozi katikati ya wimbo, nikasikia nikiwa ngazini, nikaketi kidogo kwenye ngazi iliyolowa nikasema asante, kwa nani hasa sikuwa na haja ya kuchagua. Suruali ikalowa.

"Mdogo wangu!" kaka akaita toka ndani. "Ndoo imejaa! Na usimsimulie mtu kwamba umeibeba kwa kidole kimoja!"

"Nakuja, kaka!"

Nikaibeba kwa mikono miwili. Mwoka mikate alitoka kupunga hewa, akairuka sehemu niliyopiga deki, akageuka akaitazama.

"Sikio, umeacha kona ile."

Nikarudi kwenye kona.